Asparajini au methionini: jua kwanza kinachoiharibu protini yako

Protini imekaa kwenye jokofu miezi miwili, uwezo wake umeshuka, na mwenye nayo anauliza aweke nini. Maabara swali hili haliishi, na majibu ya haraka yapo tele: ongeza DTT (kemikali inayozuia salfa za protini zisioksidike), shusha pH, igandishe, ikaushe. Mimi huuliza kwanza imeharibika wapi. Protini ni mnyororo wa asidi amino za aina 20, na kila aina ina udhaifu wake wa kikemia. Inayoharibika bila oksijeni huwezi kuilinda kwa kuondoa oksijeni. Inayoliwa na peroksidi haijali sana pH. Na kibaya zaidi, pH inayoiokoa asparajini ndiyo inayoweza kuivuruga aspatati iliyo hatua chache tu mbele yake.

Kukunjuka kwa protini na kushikana madonge siyagusi hapa, wala kukatwa na vimeng'enya. Nazungumzia asidi amino yenyewe kugeuka kuwa kitu kingine ikiwa bado imo mnyororoni. Mageuzi ya namna hii ni mengi, ila mawili ndiyo yanayotusumbua zaidi: asparajini kupoteza amonia, yaani deamidesheni, na methionini kuoksidika. Nitayaweka haya mawili ana kwa ana, na mengine nitayaingiza pale yanapobadilisha uamuzi.

Asparajini haihitaji adui wa nje

Mwishoni mwa tawi la asparajini, yaani sehemu yake inayochomoza nje ya mnyororo, kuna kikundi cha amidi. Naitrojeni ya uti wa mgongo (mnyororo wenyewe), ile ya asidi amino inayofuata, huweza kujipinda nyuma na kuishika kaboni ya amidi hiyo. Amonia inatoka, na panabaki pete ya atomi tano iitwayo suksinimidi. Maji huja kuipasua pete hiyo, na yanaweza kuipasua upande wowote kati ya miwili. Ikipasuka upande mmoja, unapata aspatati ya kawaida. Ikipasuka upande wa pili, unapata isoaspatati, ambapo uti wa mgongo wa protini umehama njia na sasa unapita ndani ya tawi. Kwa kawaida isoaspatati hutoka nyingi zaidi, karibu tatu kwa kila aspatati moja.

Kwa hiyo deamidesheni ina makosa mawili kwa mpigo. Protini inapata chaji hasi ambayo haikuwa nayo, na mara nyingi mnyororo unapata kona isiyokuwepo. Kona hiyo ikiwa mahali kimeng'enya kinaposhikia kitu chake, kazi imeharibika.

Kasi inategemea sana jirani anayefuata. Kwenye peptidi, yaani kipande kifupi cha mnyororo, kwa pH 7.4 na joto la nyuzi 37, asparajini inayofuatwa na glisini humaliza nusu yake kwa siku moja tu hivi. Ikifuatwa na serini au histidini, nusu hiyo huchukua siku 10 au zaidi kidogo. Ikifuatwa na valini au isolusini, ni zaidi ya siku 200. Glisini haina tawi, kwa hiyo haizuii ule mpindo. Valini na isolusini zina mwili mnene na zinauziba. Tarakimu hizi ni za peptidi zilizo huru. Ndani ya protini iliyojikunja vizuri, asparajini iliyobanwa kwenye heliksi, sehemu iliyojisokota kama skrubu, inaweza kukaa muda mrefu sana bila kuguswa, hata kama jirani yake ni glisini. Anayestahili kutazamwa kwa jicho kali ni asparajini-glisini iliyo kwenye kitanzi kinachoning'inia nje.

Glutamini nayo hupoteza amonia, ila polepole mno ikilinganishwa na asparajini, kwa sababu tawi lake ni refu zaidi na pete yake haiundiki kirahisi. Kwa maamuzi mengi unaweza kuiacha, isipokuwa ikiwa ndiyo ya kwanza kabisa kwenye mnyororo. Hapo hujifunga yenyewe kuwa piroglutamati bila kusumbuliwa na mtu.

Kuhusu pH, asparajini hutulia zaidi kati ya 4 na 6 hivi. Ukipanda kuelekea 7, 8 na 9, kasi inapanda nawe. Bafa, yaani mmumunyo unaoishikilia pH, nayo inachochea, hivyo fosfeti kali huumiza kuliko fosfeti hafifu ya pH ile ile. Ukishuka kwenye asidi kali, njia inabadilika: maji yanaivunja amidi moja kwa moja bila kupitia pete, na unapata aspatati peke yake.

Insulini ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu inaonyesha kwamba pahali dhaifu pa protini si pale pale siku zote. Kwenye mmumunyo wa asidi, asparajini inayoharibika ni ile ya mwisho wa mnyororo A, nafasi ya 21. Kwenye mmumunyo wa pH ya kati, inayoharibika ni ya nafasi ya 3 kwenye mnyororo B. Molekuli ni moja, chupa mbili, majeraha mawili tofauti. Ndiyo maana insulini glajini, ambayo hutengenezwa ikiwa kwenye pH ya karibu 4, imewekewa glisini badala ya asparajini ile ya A21. Insulini glulisini kwa upande wake ina lisini pale B3.

Methionini hushambuliwa kutoka nje

Methionini haina saa ya ndani kama asparajini. Salfa yake inangoja kitu kije: hidrojeni peroksidi, madini ya chuma au shaba yakisaidiana na oksijeni, au mwanga. Kikija, salfa inapokea atomi moja ya oksijeni na kuwa sulfoksidi. Ikishambuliwa kwa nguvu zaidi inapokea ya pili na kuwa salfoni. Tawi lililokuwa likichukia maji sasa linayapenda, nalo linakakamaa kidogo kuliko awali.

Hapa jirani mnyororoni hana uzito mkubwa. Swali ni kama salfa imefichwa ndani au iko nje, maji yanakoweza kuigusa. pH nayo haibadilishi mengi: peroksidi huioksidisha methionini karibu kwa kasi ile ile kwenye pH 5 na kwenye pH 8. Mtu aliyeshusha pH akitumaini kuiokoa methionini amepoteza muda wake, kama tu yule aliyepuliza naitrojeni kwenye chupa akitumaini kuiokoa asparajini.

Peroksidi hutoka wapi, wakati hakuna aliyeiweka? Mara nyingi hutoka kwenye kitu ulichoweka kwa nia njema. Polisobeti 20 na 80, zinazotiwa ili protini isishikane kwenye kuta za chupa, huzeeka zikiwa kabatini na kutengeneza peroksidi zenyewe. Chombo kilichosafishwa kwa mvuke wa peroksidi kinaweza kubaki na chembe zake. Vyuma vya mashine na chumvi zisizo safi sana huleta madini.

Madhara yake hutofautiana kupita kiasi, na ndiyo maana naona uoksidishaji ni mgumu kuuhukumu kwa kuuangalia tu. Alfa-1 antitripsini, protini inayoyalinda mapafu dhidi ya elastasi (kimeng'enya kinachoweza kuyala), ina methionini nafasi ya 358, pale pale inapomkamatia adui wake. Moshi wa sigara ukiioksidisha hiyo moja, ulinzi unapungua sana. Kingamwili za aina ya IgG1 zina methionini kwenye nafasi za 252 na 428, karibu na pahali pa kushikana na kipokezi kinachozirudisha kwenye damu. Zikioksidika, mshiko unalegea, na kingamwili inaweza kuondoka mwilini mapema. Lakini zipo protini zenye methionini tatu au nne za nje ambazo zikioksidika zote, kazi inaendelea kama kawaida.

Mwili unalijua tatizo hili. Seli zina vimeng'enya vinavyoirudisha sulfoksidi kuwa methionini, na vipo vya aina mbili kwa sababu sulfoksidi yenyewe ina maumbo mawili, la mkono wa kulia na la mkono wa kushoto. Kwa isoaspatati pia kuna kimeng'enya cha ukarabati, ingawa hakiirudishi asparajini. Kinachofanya ni kuirudisha kwenye pete ili ipate nafasi nyingine ya kutoka ikiwa aspatati ya kawaida. Panya waliozaliwa bila kimeng'enya hicho hupata degedege, na wengi hufa wakiwa na umri wa wiki 6 hivi. Ndani ya chupa yako hakuna fundi wa namna hiyo. Kilichoharibika kimeharibika.

Triptofani naitaja hapa kwa sababu inaoksidika pia, ila adui wake mkubwa ni mwanga. Dalili yake unaweza kuiona kwa macho: mmumunyo uliokuwa safi unaanza umanjano, hata ukahawia, kwa sababu ya kinurenini, zao la triptofani iliyooksidika, na ndugu zake. Umanjano ukitokea, hamishia vichupa gizani kabla ya kufanya kingine chochote.

Utazitofautishaje

Uzito ndio unaosema kwanza. Deamidesheni huongeza daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 0.984 tu. Uoksidishaji wa methionini huongeza 16, na salfoni 32. Tofauti ya 16 inaonekana kwenye karibu kila spektrometa ya masi. Tofauti ya chini ya 1 ni mtego, kwa kuwa hata peptidi nzima isiyo na kasoro huwa na molekuli zenye kaboni-13, ambazo nazo zimezidi kwa 1.003. Mashine isiyo na ukali wa kutosha itakuchanganyia hayo mawili.

Chaji ndiyo njia ya pili, na kwa deamidesheni naiamini zaidi ya zote. Niliwahi kuhangaika na kimeng'enya kilichokuwa kwenye bafa iitwayo Tris. Kwenye kolamu ya kubadilishana ioni chanya, inayoishika protini kwa chaji yake chanya, kilitoka kama kilele kimoja chembamba, siku ya kwanza. Wiki ya tatu palionekana kibonge kidogo mbele ya kilele, kama bega. Nikadhani nimepakia protini nyingi mno. Nikapunguza; bega likabaki. Nikadhani ni oksijeni, nikapuliza naitrojeni, nikatia methionini huru ijitoe kafara. Wiki ya sita bega lilikuwa limeshakuwa kilima kinachojitegemea, na kilele cha asili kimefupika. Chaji hasi mpya hufanya protini iishike kolamu hiyo kwa udhaifu na kutoka mapema. Kilima kilikuwa kinaniambia hivyo tangu mwanzo. Uzito ulipopimwa, ziada ilikuwa daltoni moja. Mnyororo ulikuwa na asparajini-glisini kwenye kitanzi cha nje.

Kilichoniuma zaidi ni bafa. Niliipima Tris kwenye joto la chumba, nyuzi 25, ikasoma pH 8.0. Lakini pH ya Tris hupanda kadiri baridi inavyoongezeka, karibu 0.03 kwa kila nyuzi. Kwenye jokofu, nyuzi 4, kimeng'enya kilikuwa kikiogelea kwenye pH ya karibu 8.6. Baridi niliyoitegemea kupunguza kasi, bafa ilikuwa ikirudisha sehemu yake.

Angalia pia usije ukautengeneza uharibifu wewe mwenyewe wakati wa kuupima. Ukiikata protini kwa tripsini, kimeng'enya cha kukatia protini, usiku kucha, nyuzi 37, pH 8, asparajini-glisini nyingi zitadeamidika pale pale kwenye kichupa cha kipimo. Methionini nazo huweza kuoksidika wakati sampuli inakaushwa na inaposubiri zamu yake. Kata kwa saa chache, kwa pH ya chini kidogo, na daima weka sampuli mpya kabisa pembeni ipitie njia ile ile.

Kwa nini usikimbilie pH 4.5

Baada ya kusoma kuhusu asparajini, wengi huona jibu ni kushusha pH na kumaliza kazi. Aspatati ndiyo inayokataa. Aspatati, hasa ikifuatwa na glisini, hujifunga pete ile ile ya suksinimidi na kufunguka ikiwa isoaspatati. Tofauti ni kwamba kundi lake la asidi lazima liwe limebeba hidrojeni ndipo pete iundike vizuri, na hali hiyo hupatikana kwenye pH ya 4 hadi 6, ile ile tuliyoiita salama. Uzito haubadiliki hata kidogo, kwa hiyo kipimo cha uzito peke yake kitakuambia protini ni nzima. Na ukienda kwenye asidi zaidi, hasa pakiwa na joto, kiungo kati ya aspatati na prolini hukatika kabisa, ukabaki na vipande viwili.

Kwa hiyo soma mfuatano wako kabla ya kuchagua. Ukiwa na asparajini-glisini ya nje na huna aspatati-glisini mahali nyeti, pH 5 hadi 5.5 ni nzuri. Ukiwa na aspatati-glisini na huna asparajini ya kutisha, usishuke chini ya 6.5. Ukiwa nazo zote mbili, anza na bafa ya histidini kwenye pH 6.0. Dawa nyingi za kingamwili hukaa kati ya 5.5 na 6.5, kwa sababu hapo ndipo maumivu ya pande zote yanapokuwa madogo, si kwa sababu hakuna linaloharibika.

Sisteini huru, asidi amino nyingine yenye salfa, ina mantiki yake. Juu ya pH 8 salfa yake hupoteza hidrojeni na kuwa kali, ikaanza kubadilishana viungo na jirani zake. Hapa ndipo DTT inapofaa, ila si dawa ya kuwekea miezi: kwenye pH 8.5 na nyuzi 20, nusu yake inakwisha kwa saa moja na nusu, wakati kwenye pH 6.5 hudumu saa 40. Isitoshe, DTT ikikutana na oksijeni na madini hutengeneza peroksidi, na methionini ndiyo inayolipa. Kwa kuhifadhi muda mrefu nachagua TCEP, kemikali nyingine ya kazi ile ile, ilimradi bafa isiwe ya fosfeti, ambayo huimaliza upesi. Na kama protini yako inasimama kwa madaraja ya salfa, usitie chochote kati ya hivyo viwili.

Jokofu, friza au unga

Kugandisha ni kuzuri kwa asparajini, kwa kuwa joto la nyuzi 80 chini ya sifuri karibu linausimamisha mpindo wote. Ila fosfeti ya sodiamu ina tabia mbaya: wakati wa kuganda, chumvi yake moja hujitenga mapema kama fuwele, na pH ya kimiminiko kilichobaki inaweza kushuka kwa hadi 3. Protini uliyoiweka kwenye pH 7 inajikuta kwenye 4 kabla haijaganda sawasawa. Tumia histidini, au fosfeti ya potasiamu ukilazimika. Gawa kwenye vichupa vidogo, gandisha haraka, na usirudishe kilichoyeyuka. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri inayojiyeyusha barafu yenyewe siipendekezi kabisa.

Kwa methionini friza haina uhakika ule ule. Barafu inapoundwa, peroksidi, madini na protini vyote husukumwa kwenye kimiminiko kidogo kilichobaki na kukutana kwa ukolezi mkubwa. Kinachomsaidia mwenye shida ya methionini ni usafi: polisobeti mpya iliyofungwa bila hewa, EDTA kidogo ya kukamata madini, methionini huru, chupa za rangi ya kahawia. Akifanya hayo, jokofu linaweza kumtosha.

Unga uliokaushwa kwa baridi huipa asparajini pumziko refu, maana bila maji molekuli hazina nafasi ya kujipinda. Methionini haipati faraja hiyo bure. Unga una vitundu vingi na oksijeni inapita humo, kwa hiyo kichupa kifungwe kikiwa kimejazwa naitrojeni. Hapa ndipo naitrojeni inapostahili gharama yake. Chagua na sukari vizuri. Glukosi na laktosi hushikana na lisini, zikiongeza daltoni 162 au 324, na unga unaanza kugeuka kahawia. Sukrosi na trehalosi hazifanyi hivyo, lakini sukrosi kwenye asidi huvunjika ikatoa glukosi. Kwa pH iliyo chini ya 6 nachukua trehalosi bila kusita.

Na kama jeni bado iko mikononi mwako, hakuna bafa inayoshinda kubadilisha asidi amino yenyewe. Asparajini iwe serini au glutamini, au glisini inayoifuata iwe alanini. Methionini iwe lusini. Fanya hivyo mapema, kabla hujatengeneza kilo nzima ya kitu dhaifu, kisha upime kazi upya, kwa sababu mabadiliko yenyewe nayo yanaweza kuumiza.

Bado hujajua uanze na ipi? Chukua vichupa vitatu vya protini mpya. Kimoja kikae wiki moja kwenye nyuzi 37 na pH 8. Cha pili kipate peroksidi kidogo kwa saa chache, kisha uiondoe. Cha tatu kikae kwenye jokofu kama kawaida. Pima uzito, pima chaji, halafu pima kazi, na hiki cha mwisho ndicho cha kukipa uzito mkubwa. Kimeng'enya changu kilipopitia jaribio hili, kichupa cha peroksidi kilikuwa na methionini mbili zilizooksidika karibu zote, na kasi yake haikupungua kwa kiasi cha kupimika. Kichupa cha pH 8 kilikuwa kimepoteza zaidi ya nusu. Nilikihamishia kwenye histidini pH 6.0, na kile kilima mbele ya kilele kikaacha kukua.